Siku 13 za Likoni: Kabla hujamlaumu mpiga mbizi, hesabu hewa yake

Unakumbuka Likoni? Jumapili jioni, Septemba 29, 2019, gari lilitumbukia baharini kutoka kwa feri ya MV Harambee likiwa na mama na bintiye mdogo. Lilitolewa Oktoba 11. Siku 13 familia ikingoja, na mitandaoni vijana tukirushiana swali moja: kwani Jeshi la Wanamaji halina watu wa kuzamia?

Watu walikuwepo. Swali ambalo wengi hatukuuliza ni hili: mtu akifika kule chini, anapumua nini?

Gari lilipatikana kwenye kina cha takriban mita 58. Hebu piga hesabu nami. Kila mita 10 unazoshuka, shinikizo linaongezeka kwa kiasi sawa na uzito wote wa hewa iliyo juu yetu. Kwenye mita 58 ni karibu mara saba ya lile la ufuoni, na kila pumzi inakula hewa mara saba vilevile. Mtungi wa kawaida wa lita 12, uliojazwa vizuri, unaweza kukupeleka kama saa mbili ukiwa juu. Kule chini unaisha ndani ya dakika 17 hivi, na bado hujaanza safari ya kurudi.

Kurudi nako ni shughuli. Naitrojeni iliyoingia kwenye damu hugeuka mapovu ukipanda mbio, kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa ghafla. Unaweza kupooza au kufa. Kwa hivyo mpiga mbizi hupanda kwa vituo, akingoja mwili utoe gesi, na ufuoni panafaa kuwa na chumba cha shinikizo cha kumtibu mambo yakiharibika. Tena naitrojeni hiyo hiyo, kuanzia karibu mita 30, hulevya. Sasa fikiria kutafuta gari gizani, mkondo ukikuvuta, na kichwa ni kama cha mtu aliyetoka kunywa chang'aa. Ndiyo maana mpiga mbizi wa starehe huambiwa asipite mita 40.

Majeshi yana vifaa gani basi? Kuna kile kinachosafisha pumzi yako, kikaondoa kaboni dayoksaidi na kukurudishia hewa uipumue tena. Hakitoi mapovu, adui hakuoni. Lakini kinachotumia oksijeni tupu ni cha maji mafupi, kwa sababu kupita mita sita au saba oksijeni yenyewe huanza kuwa sumu. Ni cha kunyemelea meli, hakingefaa Likoni. Kwa kina kirefu unahitaji mchanganyiko wenye heliamu, ambayo hailevyi kama naitrojeni, au bomba la hewa kutoka melini. Mara nyingi hata kabla ya mtu kushuka, afadhali utume kamera na mitambo ya sauti ipekue sakafu ya bahari.

Kwa hivyo ukisikia "tuko na wanamaji waliofuzu", uliza pia wamefuzu kwa kina gani na kwa vifaa gani. Likoni, wapiga mbizi wa kibinafsi kutoka Afrika Kusini waliitwa kusaidia. Hilo peke yake linakuambia swali liko wapi.

Ujasiri haujazi mtungi. Julai 6, 2018, Saman Kunan, aliyewahi kuwa mwanamaji wa kikosi maalum cha Thailand, alifariki ndani ya pango la Tham Luang alipokuwa akirejea baada ya kupeleka mitungi ya hewa kwa ajili ya watoto waliokwama. Huyo alikuwa mwanajeshi aliyefunzwa. Je, yule kijana wa ufuoni anayejitosa ziwani kutafuta mwili wa jirani, bila hata barakoa?

Kila Juni bajeti husomwa, na kabla ya hapo Katiba inakupa nafasi ya kutoa maoni. Nenda ukaulize: kuna chumba cha shinikizo Mombasa? Na Kisumu je? Nani analipia gesi na mafunzo? Kumtusi mwanamaji mtandaoni ni rahisi, bando linatosha. Lakini chombo kingine kikizama, matusi hayo hayatamwongezea hata pumzi moja.