CHEMSHA BONGO: Mtihani wa Sikukuu

Je, umepata kusikia habari za mtihani uliokuwa ukifanywa mara mbili, na maswali ni yale yale?

Mtihani huo uko Isle of Man. Hiki ni kisiwa kidogo kilicho baharini kati ya Uingereza na Ayalandi. Shule yenyewe inaitwa King William's College. Ilifunguliwa mwaka 1833. Tangu mwaka 1905 shule hii hutoa maswali ya maarifa ya jumla kila mwisho wa mwaka.

Maswali ni 180. Yamegawanywa katika mafungu 18, na kila fungu lina maswali 10. Fungu la kwanza huuliza mambo yaliyotokea miaka 100 iliyopita. Fungu la mwisho huuliza mambo ya mwaka unaokwisha.

Zamani kila mwanafunzi alilazimika kuufanya mtihani huu. Kabla ya likizo ya Krismasi waliketi darasani bila vitabu, wakajibu. Wengi walipata maswali machache sana. Kisha walikwenda likizo. Huko walifungua vitabu na kuuliza watu. Shule ilipofunguliwa, waliketi tena wakajibu maswali yale yale. Siku hizi si lazima. Anayependa ndiye anayejibu. Tangu mwaka 1951 gazeti la Guardian la Uingereza limekuwa likiyachapa maswali hayo, na watu wazima pia huumiza vichwa nyumbani wakati wa sikukuu.

Kwa nini maswali ni magumu hivyo? Watungaji hawaulizi waziwazi. Hulificha jambo kama sisi tunavyolificha katika vitendawili. Hata mwenye intaneti katika simu yake hukwama, maana hajui atafute neno gani. Lakini iko njia. Majibu ya fungu moja huhusu jambo moja. Pengine yote ni ndege, pengine yote ni mito. Ukipata jibu moja, umeshika ufunguo wa mengine.

Juu ya maswali huandikwa maneno ya Kilatini. Maana yake ni kwamba kujua mahali pa kulipata jambo ndiyo sehemu kubwa ya elimu.

Maneno haya yanatufaa sana sisi watu wa kisomo. Mtu mzima akiulizwa jambo asilolijua huona aibu. Wengine hubahatisha. Wengine huacha kuja darasani. Hiyo ni hasara. Hakuna awezaye kukariri vipimo vya dawa zote za mifugo. Lakini ukijua kwamba kipimo kimeandikwa kwenye chupa, utakisoma. Usipoelewa, utamwuliza bwana mifugo. Anayebahatisha anaweza kumwua ng'ombe wake.

Katika kitendawili, ukishindwa unatoa mji, nawe unaambiwa jibu jioni ile ile. Katika mtihani huu, ukishindwa unapewa likizo nzima ukatafute. Basi nanyi jaribuni haya matatu. Ufunguo wake ni mmoja.

1. Heroe huja hapa kutaga mayai, ingawa maji yake ni ya magadi makali. Ni wapi?

2. Speke alifika hapa mwaka 1858, akapaita kwa jina la malkia wake. Ni wapi?

3. Duniani kote ni moja tu linalolishinda hili kwa kina. Ni lipi?

Kwanza jibu peke yako, uandike katika daftari. Kisha tafuta. Mwulize mwalimu, tazama ramani, soma kitabu, waulize waliosafiri. Mwisho jibu tena, ulinganishe. Utaona mwenyewe umeongeza nini. Majibu yatatoka katika toleo lijalo.

Kuuliza si ujinga.