Nyumba za Mediterane: kwanza mtuonyeshe karatasi ya kipengele cha 99



Kila mara jina la mukubwa fulani linatajwa pamoja na nyumba ya Ulaya, sisi vijana tunagawanyika makundi mawili. Wengine wanatukana. Wengine wanajibu: «Acheni wivu, kama mungekuwa na feza nanyi mungenunua.» Kisha siku tatu zinapita, na sisi wote tunasahau. Makundi yote mawili yanakosa swali lenyewe. Kununua nyumba kando ya bahari si kosa. Swali ni feza imetoka wapi, na ni nani hapa kwetu ana karatasi ya kutujibu.

Tuchukue mji mmoja ambao historia yetu inaujua: Roquebrune-Cap-Martin, kusini mwa Ufaransa, katikati ya Monaco na Menton. Ni mji wa zamani sana. Juu ya mlima kuna ngome ya karne ya 10, na njia nyembamba za mawe kati ya nyumba zilizobanana. Chini kuna bahari ya Mediterane. Karibu miaka 500 mji huo ulikuwa chini ya familia ya Grimaldi ya Monaco. Mwaka 1848, Roquebrune na Menton wakakataa utawala huo. Mwaka 1860 wenyeji walipiga kura kuingia Ufaransa, na mwaka 1861 mwana-mfalme wa Monaco akauza haki zake juu ya miji hiyo miwili kwa franka milioni 4. Tangu wakati huo, matajiri wa dunia wanajenga pale. Eugénie, aliyekuwa malkia wa Ufaransa, alikuwa na villa pale. Lakini Le Corbusier, mchoraji wa majengo anayejulikana dunia nzima, alijijengea pale kibanda cha mbao cha chumba kimoja, kama mita 3,66 kila upande. Alikufa akiogelea katika bahari ile mwaka 1965.

Mwaka ule ule wa 1965, mwezi wa 11, Mobutu alichukua madaraka Kinshasa. Na yeye pia akaishia kuwa na nyumba Roquebrune-Cap-Martin. Iliitwa Villa del Mar.

Tukumbuke ni wakati gani nyumba ile ilitumika. Oktoba 1996 vita viliingia mashariki. Uvira ikaanguka, kisha Bukavu. Tarehe 29 Oktoba, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa Bukavu, yeye aliyekuwa akiomba watu wasiachwe peke yao. Mwanzo wa Novemba Goma nayo ikaanguka. Mamia ya maelfu ya watu walikuwa njiani, kwa miguu. Rais wa Zaire alikuwa amefanyiwa operesheni Uswisi, na kutoka kule akaenda kupumzika katika villa yake kando ya Mediterane. Alirudi Kinshasa tarehe 17 Desemba 1996. Mtu kuwa mgonjwa si dhambi. Lakini waza: inchi ambayo haikuwa na hospitali ya kumtibu rais wake, haikuwa na jeshi la kulinda watu wake, ilikuwa na villa Roquebrune. Miaka 32 ya utawala, na pa kupumzikia palikuwa kwa watu wengine.

Sasa tuone namna mtu ananunua nyumba kule leo. Si uchawi.

Unapata nyumba, munapatana bei, munasaini mkataba wa kwanza. Mnunuzi wa nyumba ya kuishi ana siku 10 za kubadilisha mawazo bila kulipa kitu. Kwa kawaida anaweka akiba ya asilimia 5 mpaka 10 ya bei. Muuzaji analazimishwa kutoa ripoti za wataalamu juu ya hali ya nyumba: umeme, risasi katika rangi, mchwa. Kisha munangoja miezi miwili au mitatu. Katika muda huo notere, afisa aliyewekwa na serkali, anatafuta nani alikuwa mwenye nyumba kabla, kama kuna deni juu yake, na kama manispaa yenyewe inataka kuinunua. Siku ya mwisho mnasaini mbele yake. Kwa nyumba ya zamani, kodi na malipo ya notere pamoja ni kama asilimia 7 au 8 juu ya bei. Na mfuko wa noti haupiti: tangu 2015, malipo ya zaidi ya euro 3.000 kwa notere lazima yapite benki.

Sehemu inayotuhusu sisi ni hii. Notere analazimishwa kuuliza asili ya feza. Kama mnunuzi ni rais, waziri, mbunge wa inchi ya kigeni, ao mtu wa familia yake, lazima auchunguze zaidi. Akiona mashaka, anapasha Tracfin, kitengo cha wizara ya feza ya Ufaransa kinachofuata feza chafu.

Je, sheria hiyo inazuia wezi wote? Hapana. Mukubwa anaweza kununua kwa jina la kampuni, na kampuni ikawa ya kampuni nyingine, na nyuma yake akakaa shemeji ao dereva. Lakini hata notere mwaminifu kabisa, mwenye nia ya kuuliza, ana shida moja: atalinganisha na nini? Mbele yake amekaa waziri kutoka Kongo. Mshahara wake ni kiasi gani? Alikuwa na nini kabla ya kuingia serkalini? Hayo majibu yangepaswa kutoka kwetu.

Na Katiba yetu iliwaza jambo hilo. Kipengele cha 99 cha Katiba ya 18 Februari 2006 kinasema kwamba Rais wa Jamhuri na wanamemba wa serkali, kabla ya kuingia kazini na wakati wa kutoka, wanaweka mbele ya Mahakama ya Katiba tangazo la maandishi la mali ya familia yao: akaunti za benki, hisa, nyumba, viwanja, mashamba, migodi. Mali ya bibi ao bwana, na ya watoto wanaowategemea, imo pia. Mahakama inapashwa kuituma kwa idara ya kodi. Asiyefanya ndani ya siku 30, anahesabiwa kwamba amejiuzulu.

Ni kipengele kizuri. Lakini kina tundu moja kubwa: hakisemi kwamba raia anasoma. Karatasi inaingia Mahakamani, mlango unafungwa, sisi tunabaki na picha za kupeana mikono. Na hakiwataji wabunge, magavana, ao wakubwa wa makampuni ya serkali.

Wengine watasema: mali ni siri ya mtu. Sawa, kwa mtu wa kawaida. Mimi nina licence ya sheria, nina miaka 26, kazi sina. Nikienda kutafuta chumba cha kupanga, mwenye nyumba ananiuliza: «Unafanya kazi gani? Garanti itatoka wapi?» Hata siku moja sikuambiwa kwamba swali hilo linavunja heshima yangu. Kama kijana anaulizwa hivyo kwa chumba cha mabati, kwa nini mtu anayeshika saini ya hazina ya inchi asiulizwe kwa villa?

Na tusidanganywe kwamba ni mambo ya Wazungu kutuonea. Ufaransa yenyewe ilijifunza kwa aibu. Mwaka 2013 waziri wake wa bajeti, Jérôme Cahuzac, alikubali kwamba alikuwa na akaunti ya siri nje ya inchi. Mwaka ule ule wakatunga sheria: matangazo ya mali ya mawaziri yanawekwa intaneti, kila raia anasoma. Kwa hiyo kijana wa Bunia ao Lubumbashi, kwa simu yake, anaweza kusoma mali ya waziri wa Ufaransa. Mali ya waziri wake mwenyewe, hapana.

Kuchelewa kuna bei, na tulishailipa. Baada ya Mobutu kuanguka, Uswisi ilifunga feza zake, karibu franka milioni 7,7. Miaka kumi na miwili ilipita. Serkali yetu haikuendesha kesi inavyotakiwa, muda wa sheria ukaisha, na mwaka 2009 feza ile ikarudishiwa warithi wake. Uswisi ilipashwa kubadilisha sheria yake nyuma ya pale. Upande mwingine, mtoto wa rais wa Guinea ya Ekweta, Teodorin Obiang, alihukumiwa Paris, na mwaka 2021 mahakama ya juu ya Ufaransa ikathibitisha hukumu. Jumba lake la avenue Foch likachukuliwa. Kesi ile haikuanzishwa na serkali yoyote. Ilitoka kwa mashirika ya raia yaliyopeleka malalamiko. Na mwaka huo huo wa 2021, Ufaransa ilitunga sheria ya kurudisha feza za mali kama hiyo kwa faida ya watu wa inchi ilikoibiwa. Mlango uko, lakini anayebisha lazima awe na ushahidi mkononi.

Njo maana tunaomba mambo matatu, wazi na bila jeuri:

1. Mahakama ya Katiba itangaze orodha ya waliotoa tangazo la kipengele cha 99 na wasiotoa, pamoja na tarehe.

2. Bunge litunge sheria ya kufungua matangazo hayo kwa raia, na kuwaweka ndani wabunge, magavana na wakubwa wa makampuni ya serkali.

3. Tangazo la kutoka kazini lilinganishwe na la kuingia, na tofauti isiyoelezeka ipelekwe kwa mwendesha mashtaka.

Kwa ndugu zetu wa diaspora: nurse wa Kikongo anayefanya kazi ya usiku Marseille, anayelipa mkopo wa miaka 20 kwa nyumba ya vyumba viwili, huyo si adui yetu. Yeye notere alishamuuliza yote, na alijibu kwa karatasi za mshahara. Tunataka mawaziri wetu wajibu kama yeye.

Wiki hii, kila mmoja wetu amwandikie mbunge wa eneo lake swali moja tu: uko tayari kutia saini sheria ya kufungua matangazo ya mali, ndiyo ao hapana? Tuweke majibu hadharani, jina kwa jina. Na asiyejibu, tuandike pia kwamba hakujibu.