Gari la Wazi, Hati za Wazi

Bandari yetu ya Tanga imepata sura mpya. Kwa miaka mingi meli kubwa zilikuwa zikitia nanga mbali, na shehena ikaletwa ufukoni kwa matishari. Leo lipo gati lenye urefu wa mita 450 na kina cha mita 13, na meli kubwa huja kufunga palepale. Hili ni jambo la kujivunia kwa kila mkazi wa mwambao huu, kutoka Horohoro hadi Pangani, na kwa ndugu zetu wa Pemba na Unguja ambao bahari hii ni njia yao ya kila siku. Lakini mlango ukipanuliwa huingia vingi, vya lazima na vya fahari. Leo tunapenda kutoa maneno machache juu ya kimoja kati ya vile vya fahari.

Tunazungumzia gari la wazi lililoundwa kwa kuiga umbo la magari ya kale. Picha zake zimezagaa, na mabarazani watu huonyeshana: gari dogo lililojikunja kama kobe, paa lake la turubai hukunjwa nyuma, rangi yake hung'ara. Muuzaji wa ng'ambo huapa kwamba ni jipya ingawa sura yake ni ya kale, na kwamba mvua hata ikinyesha usiku kucha tone halipiti. Wako wenye hoteli za ufukoni wanaolitamani kwa ajili ya wageni, na wako watumishi wa umma wanaolitamani kwa ajili ya nafsi zao.

Yafaa kwanza tulijue jambo lenyewe. Mwaka 1954 kampuni ya Porsche ya Ujerumani ilitoa gari la wazi lililoitwa Speedster, likakusudiwa hasa soko la Marekani. Ili bei yake iwe nafuu, lilinyimwa mengi. Milango yake haikuwa na vioo vya kupandisha. Yalikuwapo mapazia tu ya kupachika ubavuni, na dereva aliyekutwa na mvua alijua kwamba atalowa. Leo magari yale ya asili yamekuwa adimu na bei yake haisemeki. Ndipo mafundi wa nchi mbalimbali walipoona biashara. Huchukua chesi na mtambo wa Volkswagen ile ndogo tunayoijua sote, wakaivika bodi ya faiba yenye umbo la Speedster. Wengine wameongeza vioo vya kupandisha, mipira ya kuziba milango na paa lenye tabaka mbili. Hapo ndipo linapotoka neno lile la kwamba gari halipitishi mvua.

Hatusemi kwamba kuiga ni dhambi. Huko Uingereza, kampuni ya Caterham imekuwa ikiunda tangu mwaka 1973 gari la Lotus Seven lililotokea mwaka 1957, na ilipata haki hiyo kwa wenyewe. Hakuna anayedanganywa. Mtu akinunua kwa jasho lake kitu cha kuiga, akajua kwamba ni cha kuiga, hatuna ugomvi naye. Ugomvi wetu ni na mambo matatu: ahadi isiyopimwa kwa hali ya hewa yetu, hati zisizosema kweli, na fahari ya kiongozi isiyojua mahali pa kukoma.

Kwanza, hali ya hewa. Mvua ya masika ya Tanga ni mwalimu mkali. Husukumwa na upepo wa kusi, nayo haiteremki wima kama maji ya bomba. Huja ubavuni na hutafuta kila upenyo. Gari lililopimwa kwa manyunyu ya nchi nyingine halijapimwa kwa masika. Tena iko chumvi. Ni kweli faiba haishikwi na kutu, na wavuvi wetu wenye boti za faiba wanalijua hilo. Lakini bodi haitembei peke yake. Chini yake iko chesi ya chuma, ziko nati, bawaba, nyaya na breki. Hivyo vyote huliwa na hewa ya bahari kimyakimya huku bodi ya juu ikiendelea kung'ara, na mwenye gari haoni hatari mpaka siku ya hatari. Turubai nalo likikunjwa lingali bichi huota ukungu, na mipira ya milango hukauka kwa jua ikapasuka.

Mzee yeyote wa pwani anayejua jahazi ataelewa tunayoyasema. Hakuna chombo kisichoingia maji kwa kuwa kilizaliwa hivyo. Chombo hakiingii maji kwa sababu kila msimu kinapandishwa pwani, kikatiwa kalafati, kikapakwa sifa na shahamu. Mnunuzi na amuulize muuzaji: mipira hii ikipasuka, mingine itapatikana wapi, kwa bei gani, na kwa muda gani? Kama jibu ni kwamba iagizwe tena kutoka ng'ambo, basi huyo hakununua gari, amenunua utegemezi. Tena ulizwe upande wa usukani. Sisi huendesha kushoto mwa barabara na usukani wetu uko kulia, ilhali magari mengi ya kuiga hutengenezwa Marekani na usukani wake uko kushoto. Swali hilo hupelekwa kwa wahusika wa usajili kabla fedha hazijatumwa, maana baada ya hapo halisaidii.

Pili, hati. Hapa ndipo penye uzito wa maneno yetu, na tunaomba wakuu wa forodha watusikilize. Gari hili lina umri gani? Bodi yake imeundwa juzi, chesi yake huenda ni ya miaka ya 1960. Kule Marekani baadhi ya magari haya huandikishwa kwa mwaka wa ile Volkswagen iliyotolewa chesi. Basi mwenye gari ana umri wa aina mbili mkononi, na atatoa ule unaomfaa mbele ya kila afisa.

Hili si jambo dogo. Tuchukue mfano wa gari lenye injini ya sentimita za ujazo 1,600, ambalo thamani yake pamoja na bima na nauli ya meli ni shilingi milioni 40. Kwa viwango tulivyovizoea, ambavyo bajeti ya kila Juni yaweza kuvibadili, ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 10. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 ni milioni 2 na nusu. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ni milioni 9 na laki 4 na nusu. Jumla inakaribia milioni 22, bila kuhesabu tozo nyingine. Lakini gari hilo hilo likihesabiwa kuwa limepita miaka 10, huongezwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na jumla inakaribia milioni 40. Tofauti ni shilingi milioni 17 na laki 7, na inategemea neno moja tu katika karatasi. Mahali penye neno moja la milioni 17, hapakosi wa kulinunua na wa kuliuza.

Tuliosoma chuoni kabla ya kuingia skuli za serikali tulifundishwa mapema sura ya Al-Mutaffifin, inayowaonya wale wanaopokea kipimo kamili lakini wakitoa hupunja. Hatuoni tofauti kati ya pishi iliyotobolewa sokoni na hati iliyoandikwa mwaka usio wake. Yule aliyepunjwa dukani hurudi akagomba. Aliyepunjwa forodhani ni mgonjwa wa Pangani na mwanafunzi wa Micheweni, nao hata hawajui kwamba wamepunjwa.

Kwa hiyo tunaziomba mamlaka zetu zitamke kwa maandishi, mara moja na kwa wote: gari la kuiga lihesabiwe umri wa chesi, au umri wa kuundwa kwake? Lolote litakaloamuliwa, liwe wazi na limkabili mwenye hoteli sawasawa na mkuu wa idara. Vikokotoo vya kodi vinajua magari ya kila siku yatokayo Japani; gari adimu kama hili si rahisi kulikuta humo. Tusimwachie afisa mmoja mezani kwake kukisia thamani na umri, kwani huko ni kumtia katika mtihani yeye na mnunuzi pia.

Ndugu zetu wa visiwani nao tunawakumbusha. Gari lililolipiwa kodi Zanzibar likihamishiwa Bara hudaiwa tofauti ya kodi iliyopo. Wapo wanaodhani kwamba kulipitisha kisiwani kwanza ni ujanja. Aghalabu ujanja huo huishia katika uwanja wa forodha, gari likipigwa na jua na mvua miezi kadhaa, na hapo sifa ya kutopitisha maji hujulikana ukweli wake. Njia ya mwongo ni fupi.

Tatu, fahari ya viongozi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwawekea viongozi masharti makali juu ya mali. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 liliyalegeza. Hatukusudii kufufua mjadala huo leo. Lakini kulegezwa kwa sharti hakukuondoa haya. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atangaze mali zake, na Zanzibar nako iko Tume yake ya Maadili. Kiongozi anayelinunua gari hili kwa mapato ya halali na alitaje katika fomu yake kwa jina lake, si kwa jina la shemeji. Akiona tabu kuliandika, ajue kwamba ana tabu pia ya kulimiliki. Kila siku ya sherehe za taifa wananchi humwona Rais akizunguka uwanjani juu ya gari la wazi, amesimama, akionekana na kila mtu. Huo ndio uwazi tunaoutaka kwa kila aliyepewa dhamana.

Mwisho, tuna neno kwa mafundi wetu. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Kwa miaka mingi Unguja na Pemba zimepita gari za abiria zilizojengwa bodi ya mbao na mafundi wa hapo hapo juu ya chesi ya lori la kigeni, ubavu wazi, na mapazia ya turubai ya kuteremshwa mvua ikija. Hilo nalo lilikuwa gari la wazi la kustahimili mvua, na wala halikuagizwa kwa picha. Kibaha liko shirika la Nyumbu, lililoundwa mwaka 1985 kwa nia ya kujenga magari yetu wenyewe. Tanga iko VETA, na Zanzibar iko Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia. Watu wa kushona turubai wapo, waundaji wa boti za faiba wapo, mafundi wa chuma wapo. Kama mwenye hoteli anataka gari la wazi la kuwatembeza wageni wake, na awaite hao, wamuundie bodi hapa hapa, lipite ukaguzi wa usalama barabarani kama sheria itakavyo, na fedha ibaki mwambaoni. Mpira ukipasuka, fundi yuko mtaa wa pili.

Asiyeridhika na hilo akaagiza la ng'ambo, ni hiari yake. Tunachomtaka ni kwamba siku meli itakapofunga gatini, na turubai la gari lake litakapofunuliwa, hati zake nazo ziwe tayari kufunuliwa.