Picha za Wachumba

Wazazi wawili watatu wameniomba mwaka huu niseme neno juu ya picha za wachumba, jambo ambalo wakati wetu halikuwako. Posa ikishakubaliwa, mwanamke alizidi kufichwa. Kijana aliyetaka kumwona mchumba wake alipita mbele ya nyumba yao mara tatu jioni moja, akijifanya ana shughuli. Picha ilikuja baada ya nikaha, nayo ikipigwa studio. Unguja palikuwa na Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Bwana kaketi, bibi kasimama, mkono begani, na amri ya kutopepesa macho. Filamu ya kamera zile kubwa ilitoa picha 12 tu, basi hapakuwa na mchezo.

Leo hapa Maskati vijana hutoka na mpiga picha tangu alasiri na kurudi na picha mia tano. Sina ugomvi na wingi. Kinachoniudhi ni kuwa zote ni picha moja: pete imesogezwa mbele ya kamera, kijana ananong'ona sikioni, binti anatazama bahari na kucheka pasipo cha kuchekesha. Ukibadilisha vichwa hutajua ni nani na nani.

Mwaka jana alipoposwa binti wa ndugu yangu, mama yake alikataa picha kabisa. Hoja zake zilikuwa mbili. Hawajafunga akdi, kwa hivyo hapana kushikana. Na posa huvunjika. Ikivunjika, mwanamume huenda zake, lakini picha ya mtoto wa kike hubaki katika simu za watu asiowajua. Baadhi ya vijana walimcheka. Mimi sikumcheka, kwa sababu sote twajua nyumba ambazo jambo hilo limezifika.

Yule kijana, Mungu amjaze kheri, hakununa. Alisema zipigwe nyumbani, bibi akiwapo, na mpiga picha awe mwanamke. Zichapishwe nakala mbili, kila upande moja, na hakuna ya kupelekwa kwa simu mpaka siku ya akdi. Mama akalainika.

Bibi naye hapendi watu wanaokaa bure. Alimkalisha kijana juu ya mbuzi, akampa nazi akune. Hajapata kukuna nazi maishani mwake. Binti alikuwa upande wa pili wa sinia, anachambua mchele, na alipoona vipande vya kifuu vinaingia ndani ya nazi, alicheka mpaka mtandio ukamfunika uso. Hapo ndipo kamera ilipolia. Hakuna aliyemgusa mwenziwe, wala aliyetazama kamera, na kila aonaye picha ile huuliza hawa ni nani.

Nilimwuliza yule mpiga picha anafanyaje. Alizima taa ya dari, akafungua mlango wa uani, akawaweka ubavuni mwa mwangaza, kwani taa ya juu hutia vivuli machoni. Hahesabu moja mbili tatu. Huwapa watu kazi, akangoja waisahau kamera. Watakao Matrah, kando ya bahari, huwapeleka asubuhi jua linapochomoza upande wa maji. Jioni milima iliyo nyuma hulimeza jua mapema, na adhuhuri kila mtu hukunja uso. Na wachumba huwataka waje na kitu chao wenyewe, kama ni buli la kahawa, kama ni kitabu walichoazimana. Maua ya plastiki hayataki.

Ahadi ya zile nakala mbili ilitimizwa. Shangazi mmoja aliyeko Unguja alinuna miezi mitatu kwa kutopelekewa. Baada ya akdi alipelekewa yake, na jibu lake likawa kuuliza ni nani aliyemfundisha kijana yule kukuna nazi.