Usiihukumu gemu kwa hatua ya kwanza

Gemu imeisha. Umepigwa. Kabla hata hujavuta pumzi, ushabofya kile kitufe cha uchambuzi kwenye simu, na kompyuta inakuwekea alama nyekundu kwenye hatua yako ya tatu. Basi unajiambia, "Kumbe nilipotelea pale mwanzo." Unaingia YouTube kutafuta ufunguzi mpya, ule ambao jamaa fulani anaapa utakupa ushindi kila siku. Wikendi inafika, unatoa nauli na ada ya mashindano, unaucheza huo mpya, unapigwa tena.

Kijana, leo tubonge kuhusu hapo. Wengi wenu mnaocheza sataranji mtaani, chuoni na mtandaoni mnauhukumu ufunguzi vibaya, na hukumu hiyo inawagharimu. Inawala muda, inawala pesa, na kuna waliokunja ubao wakaacha mchezo kabisa kwa kuamini hawana kichwa cha sataranji.

Tuanze na hesabu ndogo. Mwenye nyeupe ana hatua 20 pekee anazoweza kuanza nazo. Askari ni wanane, na kila mmoja anaweza kusonga mraba mmoja au miwili. Farasi ni wawili, na kila mmoja ana njia mbili. Basi. Katika hizo 20, hakuna hata moja inayomaliza gemu papo hapo. Si kwamba zote ni sawa, la. Ukianza na f3 kisha ukaongeza g4, na mpinzani awe ameshamfungulia malkia wake njia, malkia huyo atateleza hadi h4 na utakuwa umekula chekmeti kwa hatua mbili tu. Lakini ajali kama hiyo ni nadra. Mara nyingi hatua mbaya ya mwanzo haikuui. Inakupa kazi zaidi mbele ya safari.

Chukua mfano ambao kila mmoja wetu ameukuta. Nyeupe anacheza e4, nyeusi anajibu e5, halafu nyeupe anamrusha malkia hadi h5. Anatafuta ile chekmeti ya haraka. Nyeusi anamtoa farasi hadi c6 kumlinda askari wake. Nyeupe anamleta askofu c4, sasa anatishia kula f7 na kumaliza kazi. Nyeusi anasukuma g6, malkia anakimbilia f3 akitishia palepale tena, na nyeusi anamweka farasi wa pili f6. Tishio limezimika.

Sasa hesabu. Nyeusi ana farasi wawili nje. Nyeupe ana askofu mmoja na malkia aliyezurura, tena malkia huyo amekalia f3, kiti kizuri kuliko vyote cha farasi wake mwenyewe. Je, nyeupe amepoteza gemu? Bado. Alichofanya ni kuweka matumaini yake yote kwa kosa la mwenzake, na kosa halikuja.

"Lakini mimi hushinda nayo," utasema. Sawa, unawashinda wasioijua. Ushindi haugeuzi hatua mbaya kuwa nzuri, na kushindwa hakugeuzi hatua nzuri kuwa mbaya. Mwaka wa 2005 Hikaru Nakamura wa Marekani, tayari akiwa gwiji, alimtoa malkia wake vivyo hivyo kwenye hatua ya pili dhidi ya Krishnan Sasikiran wa India. Alishindwa. Lakini mwaka wa 1980, kule Skara nchini Uswidi, Mwingereza Tony Miles alimjibu bingwa wa dunia Anatoly Karpov kwa kusukuma askari wa pembeni mraba mmoja tu, hadi a6, hatua ambayo walimu wengi humkataza mwanafunzi. Miles akashinda. Mmoja alishindwa na mwingine akashinda, na bado hakuna kati ya hatua hizo iliyogeuka kuwa ya kupendekezwa kwa anayejifunza. Miles alijua vizuri anachomwachia Karpov na anachotaka baadaye. Wewe je, unajua?

Upande wa pili kuna ugonjwa mwingine, nao ni wa kukariri. Msee ameshika hatua 12 za ufunguzi wa Sisilia kama anayesubiri mtihani. Hatua ya pili tu mpinzani anacheza kitu kisichokuwa kwenye video, na msee anaganda, saa inakimbia. Hapo kompyuta itausifu ufunguzi wake. Sisi hatuusifu, kwa sababu hatua usiyoielewa si yako, umeiazima tu.

Kwa hivyo ukikaa kuichambua gemu yako, acha simu mfukoni kwanza na ujiulize maswali matatu. Je, hatua hii ilinipa nafasi katikati ya ubao? Je, ilitoa jeshi langu nje au ilifungua njia ya kulitoa? Je, mfalme wangu alikuwa anaelekea mahali salama? Ukipata "ndiyo" kwa hatua zako nyingi za kwanza, ufunguzi wako uko fiti, hata kama hauna jina. Kisha ongeza la nne: niliicheza kwa sababu gani? Kama jibu ni "nilimwona fulani akicheza," hapo ndipo pa kurekebisha.

Baada ya hapo, fungua kompyuta. Lakini isome vizuri. Ikikwambia mpinzani amekupita kwa 0.3, hiyo ni kama theluthi ya askari mmoja. Kwa magwiji hilo ni jambo. Kwangu na kwako, tunaoacha farasi mzima bila mlinzi kwenye hatua ya 18, hiyo theluthi si kitu. Mtafute yule farasi kwanza. Mara nyingi yeye ndiye aliyekupotezea gemu, nawe unaenda kubadilisha ufunguzi ambao haukuwa na hatia.

Na nyinyi mliotangulia, mnaosimama nyuma ya meza na kumcheka dogo kwa sababu ameanza na askari wa pembeni, acheni hiyo. Gemu ikiisha muulize alikuwa anataka nini, kisha mwonyeshe kiti cha farasi kiko wapi. Atarudi wiki ijayo. Ukimcheka, huenda asirudi.

Wewe msomaji, chagua ufunguzi mmoja wa nyeupe na mmoja wa nyeusi. Kaa nao miezi mitatu. Andika kila gemu kwenye daftari, hasa zile ulizopigwa. Mos mos, utaanza kuona mahali hasa unapoteleza.