Je, Kazi ya Kiwandani ni ya Wasiosoma?

Wenzangu wengi wa Kidato cha Nne husema hivyo. Mimi sikubali. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 tu watoke Uganda. Halmashauri ya mji wa Leicester, Uingereza, ikatangaza katika gazeti la Uganda Argus kwamba wasiende huko. Wengi walikwenda, maana ndugu zao walikuwako, na ndugu ndiye ajuaye kiwanda kipi kinaandika watu. Wenye maduka na makarani wakashika mashine za kufuma na kushona, wengine zamu ya usiku. Je, hao hawakusoma? Waasia waliogoma mwaka 1974 katika kiwanda cha taipureta mjini humo, wakidai kwamba wanapunjwa bonasi, walijua hesabu vizuri sana.