Khamis au Hamisi? Kutafuta ukoo ndani ya faili za mirathi

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa. Safari hii sina kisingizio cha kazi. Nilikuwa ndani ya vumbi la makaratasi, namtafuta babu yake bibi yangu.

Mambo yalianza bibi aliponiambia: "Mjukuu wangu, si wewe ndiye fundi wa tarakilishi? Basi nitafutie karatasi za mirathi za babu yangu kabla sijafa." Nikadhani ni kazi ya jioni moja. Thubutu!

Kwanza nieleze kwa nini mirathi. Wazee wetu wengi wa pwani hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Lakini mtu akifa akaacha shamba au nyumba, kadhi aligawa mali kwa mafungu ya sheria ya Kiislamu. Mjane wa mume aliyeacha watoto hupata thumni, yaani 1/8. Mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Wosia kwa asiye mrithi hauvuki thuluthi ya mali, ila warithi wakiridhia. Sasa hesabu hiyo huwezi kuipiga bila kumtaja kila mrithi. Kwa hiyo faili moja ya mirathi ni mti mzima wa ukoo, umeandikwa na mtu ambaye hakuwa na haja ya kuupamba. Na pakiwa na kesi ndiyo bora zaidi, maana watu wakigombania mali husema hata yale ambayo nyumbani hayasemwi.

Nilikubaliwa kupiga picha kurasa za daftari kuukuu, nikazinakili majina kwa mkono, nikayatia kwenye hifadhidata ndogo. Kisha nikatafuta "Khamis". Hakuna. Nikajaribu Soundex, mbinu maarufu ya kulinganisha majina kwa sauti, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918. Hakuna.

Tatizo lilikuwa nini? Soundex huhifadhi herufi ya kwanza kama ilivyo, kisha hugeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu. Khamis inakuwa K520, Hamisi inakuwa H520. Kwetu ni jina lile lile, kwa mashine ni watu wawili. Vivyo hivyo Omar ni O560 na Umari ni U560. Wenzetu wa bara pia hawasalimiki: karani akisikia Njoroge akaandika Joroge, unapata N262 na J620. Mbinu ile ilitungwa kwa majina ya huko, si kwa yetu.

Nikaandika kanuni zangu mwenyewe, mistari isiyozidi hamsini: kh iwe sawa na h, irabu ya mwisho itupwe, o na u zihesabiwe moja, n ya mwanzo mbele ya j isijaliwe. Halafu tarehe. Mwaka wa Hijria una upungufu wa siku kama 11 ukilinganisha na wa kizungu, kwa hiyo mwaka 1325 ulianza Februari 1907 ukaisha Februari 1908. Ukiandika "1907" tu umekosea kwa baadhi ya kurasa. Nikatunza tarehe zote mbili, na jina kama lilivyoandikwa kando ya jina lililosawazishwa.

Nikabonyeza kitufe. Huyo hapo! Hamisi, mwaka 1325, shamba la minazi, warithi saba.

Saba? Bibi alinihesabia watano siku zote. Wawili waliozidi walikuwa wana wa suria, yaani mtumwa aliyezaa na bwana wake. Katika sheria ya Kiislamu watoto hao ni huru na hurithi sawa na wenzao, ndiyo maana kadhi aliwaandika. Familia ndiyo iliyowafuta baadaye, kwa mdomo. Na ni mwaka ule ule wa 1907 ambapo sheria ya kufuta utumwa ilipitishwa katika pwani hii.

Nilipomsomea bibi alikaa kimya kidogo. Kisha akasema: "Hao tunawajua. Tulinyamaza tu."

Sasa maoni yangu. Kila siku nasikia tutaweka kumbukumbu zote kwenye intaneti. Naunga mkono, lakini picha ya karatasi isiyo na faharasa ni karatasi ile ile, imehamishwa kabati tu. Pesa ziende kwa watu: vijana wanaosoma maandishi ya Kiarabu, wazee wanaojua majina ya mitaa, na waandishi wa programu watakaoanza na majina yetu. Mashine ya kusoma maandishi isaidie, isiachiwe kazi yote.

Pili, si kila kitu kiachwe wazi. Faili za vizazi vilivyopita zifunguliwe. Za karibuni, zenye watoto wadogo na namba za viwanja, zifungwe kwa muda. Orodha ya warithi wa shamba ambalo hati yake haijabadilishwa jina ni zawadi kwa tapeli wa ardhi.

Tatu, tusisahau wasiomo. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani wapeleke madai yao, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wamijikenda wengi na watumwa walioachwa huru hawakupata hati. Mtu akiniambia "sikuoni kwenye hifadhidata, basi huna asili hapa," nitamjibu kwamba hifadhidata inaonyesha nani aliandikwa, haionyeshi nani alikuwepo. Simulizi za wazee zirekodiwe ziwekwe ubavuni mwa faili, kwa uzito ule ule.

Kuhusu wale warithi wawili, kizazi chao kipo, tena si mbali. Nilikuwa na wazo la kuchapisha ukoo wote mtandaoni. Bibi akakataa. "Kwanza twende tukawaamkie," alisema. "Hayo ya tarakilishi baadaye."

Tunaenda Jumapili. Nawasilisha.